Paa la Kidato cha Nne

Mimi ni mmoja wa watu walioiezeka ile nyumba ya shuleni, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ndogo. Tangu wakati ule nimesimamia ujenzi wa maghala, zahanati na madaraja katika mikoa ambayo wenzangu wengi waliisikia redioni tu. Nina stashahada ya ujenzi. Imetundikwa sebuleni kwangu Utemini, mkabala na mlango, hivyo mgeni huiona kabla hajaniona mimi, nami humwacha aisome mpaka mwisho ndipo nimkaribishe kiti. Niliondoka Singida na sanduku la bati, nikarudi na kujenga nyumba ambayo ramani yake niliichora kwa mkono wangu. Hakuna mjomba aliyenitafutia nafasi.

Lakini mtu akiniuliza nilianzia wapi kazi, sianzi na chuo. Naanza na shule yetu ya sekondari, pale kwenye mwinuko karibu na Ziwa Singidani, mwaka wetu wa mwisho, wakati kidato cha nne kilipokuwa kinajiandaa kwa mahafali na hakukuwa na mahali pa kuyafanyia.

Shule ilikuwa changa. Ulikuwa wakati wa elimu ya kujitegemea, na sisi tulijitegemea kweli: tulilima alizeti na uwele, tulifuga kuku, tulifyatua matofali, na katikati ya hayo tulisoma. Desturi ya shule ilikuwa kwamba kila kidato cha nne kinachoondoka kiache kitu kilichojengwa kwa mikono yake. Waliotutangulia waliacha kisima. Sisi tulipewa bwalo la chakula, kwa sababu miaka yote minne tulikula ugali tukiwa tumesimama uani, tumeupa upepo mgongo ili vumbi lisiingie kwenye maharage.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mkavu, mwenye suruali iliyonyooshwa hata siku ya kulima. Alitutangazia gwarideni asubuhi moja.

“Bwalo likikamilika, mahafali yatafanyika ndani yake na wazazi wataalikwa. Lisipokamilika, kila mmoja atachukua cheti chake dirishani kwa karani, aende kwao. Mmeelewa?”

“Ndiyo, mwalimu.”

Kwa wengine hilo lilikuwa tishio kama matishio mengine. Kwangu lilikuwa zito kuliko mtihani wenyewe, kwa sababu ya baba.

Baba yangu alikuwa mkulima na mfugaji wa Mungaa, na hakupenda nije sekondari. Hakunizuia. Siku ninaondoka aliniambia, “Nenda. Lakini shule itakunyang'anya mikono. Utarudi hapa na kalamu, na zizi likianguka utaniita mimi mzee nije nilisimamishe.” Kwa miaka minne hakukanyaga shuleni. Muhula ule wa mwisho nikamtumia salamu kwa dereva wa lori la nafaka, kwamba nitamaliza shule na ninamwomba aje kwenye mahafali. Lori liliporudi, dereva aliteremsha kioo akacheka.

“Mzee wako amesema atakuja. Anataka kuona hiyo miaka minne mlikuwa mnafanya nini huko.”

Nilifurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe. Nilitaka sana aje aone. Nilitaka yale maneno ya mikono ayarudishe mwenyewe, mbele ya watu.

Sasa niseme juu ya paa. Kuta za bwalo zilipanda vizuri, matofali ya kukausha juani, imara. Mabati tuliyoahidiwa hayakuja, na kila tulipouliza tuliambiwa yako njiani. Mwishowe darasa likakaa na kuamua kuezeka kwa nyasi, paa la mgongo mrefu kama lile lililokuwa kwenye picha za nyumba bora zilizobandikwa ofisini. Siku zile viongozi walipita vijijini wakihimiza watu waache tembe, ile nyumba yetu ya asili yenye paa bapa la udongo ambalo mama huanikia uwele juu yake. Nusu ya darasa letu tulizaliwa chini ya paa la udongo, na hakuna aliyetaka jambo hilo litajwe mbele ya walimu.

Mimi nilisema. Nilisimama nikasema, “Paa refu la nyasi, juu ya mwinuko huu, upepo utalichukua.”

“Mnyaturu anataka kuturudisha kwenye tembe!” alipiga kelele rafiki yangu mkubwa na mtani wangu, Mnyiramba mmoja mrefu aliyeinama kila alipopita mlangoni. “Tumekaa miaka minne kwenye vitabu ili tuishie kuanika uwele?”

Darasa zima likacheka. Nikashindwa kwa kura, nikapanda juu kufunga nyasi na wenzangu.

Upepo ulisubiri tumalize. Tulikuwa kwenye kipindi cha hesabu, mchana kweupe, tukasikia mlio kama wa gunia linalochanwa. Tulipofika dirishani paa letu lilikuwa limeshanyanyuka. Halikuvunjika, lilinyanyuka zima, kama kofia ya mtu anayesalimia, likapita juu ya jiko, likamwacha mpishi ameshika mwiko hewani, likaenda kutua ziwani. Ndege wa ziwani waliruka wote kwa pamoja. Mpaka jioni nyasi zetu zilikuwa zinaelea.

Mwalimu mkuu alikuja akasimama katikati ya kuta, akatazama mbingu.

“Zimebaki wiki chache,” alisema. “Mna mitihani. Achaneni na hili. Andikeni risala yenu ya kuaga, nitaiweka kwenye jalada. Vyeti mtachukua dirishani.”

Alipoondoka nilianza kutafuta njia ya kumzuia baba asije. Barua kwenda Mungaa zilichelewa kuliko watu, na lori la nafaka lilikuwa limemaliza safari zake za msimu. Baba angekuja tu. Angetembea mpaka barabarani, angepanda gari la kwanza linalosimama, angefika na koti lake, na mimi ningemwonyesha dirisha la karani na nyumba isiyo na kichwa.

Jioni ile tulikaa mle mle ndani ya kuta, juu ya matofali yaliyobaki, tuandike risala. Aliyeshika kalamu alikuwa binti mmoja wa Utemini, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote na ulimi mkali kuliko wote.

“Haya,” alisema. “Mafanikio. Nianze na lipi?”

“Andika tulifika tukiwa arobaini, hakuna aliyetoroka,” mmoja alisema.

“Andika siku ya kwanza Mnyiramba alipopewa dawati akalikalia juu, akaweka miguu kwenye kiti.”

“Nilidhani ni la kupandia!” Mnyiramba alijitetea. “Kwetu tulikuwa tunasomea chini.”

Tukakumbuka mengine. Tukakumbuka mwaka tulipokosa mwalimu wa kemia, na dada huyu wa Utemini akawa anasoma kitabu usiku ili asubuhi atufundishe, na sisi wavulana tukimwita mwalimu kwa dhihaka mpaka tulipofaulu, ndipo tukamwita hivyo kwa heshima. Tukakumbuka tulivyochimba mashimo ya choo kwenye mwamba kwa zamu, tukiimba nyimbo za chipukizi, na mwamba haukujali nyimbo. Tulicheka mpaka macho yakatutoka machozi, na mimi nilicheka pia, huku moyoni nikihesabu magari yanayotoka Mungaa.

Kisha Mnyiramba akasema, “Andika na ile likizo.”

Wote tuliijua. Ilikuwa mwaka wa watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Alikwenda likizo Iramba kama kawaida, akashuka njia panda, akakata porini mpaka kwao.

“Nilifika nyumbani,” alisema, “nyumbani hakuna. Kuta zipo, mafiga yapo, watu hakuna, ng'ombe hakuna. Nikakaa juu ya sanduku langu nikajiuliza, nimekosa njia au nimekosa wazazi?”

“Ukafanyaje?” aliuliza dada wa Utemini, ingawa naye alijua.

“Nikafuata nyayo za ng'ombe mpaka kijiji kipya. Nyumba zote zinafanana, zimepangwa mstari. Nikapita nikitazama miti ya nyumba. Baba alikuwa amebeba nguzo moja tu kutoka kule, ile ya mlangoni niliyoichonga kwa kisu nikiwa mdogo. Nikaiona, nikasema hodi.”

“Na nguzo nyingine?” niliuliza mimi.

“Zilibaki. Angebeba zote kwa mgongo wa nani?”

“Zilibaki wapi?”

“Kwenye mahame, Mnyaturu! Zitakuwa wapi? Mahame yote yamejaa nguzo. Hata hapa nyuma ya mji. Zimesimama tu, zinapigwa jua.”

Ndipo nilipoinuka. Wenzangu hupenda kusema kwamba wazo lilikuwa la wote, na mimi huwaacha waseme. Lakini aliyeinuka ni mimi.

“Miti ile imekaushwa na moshi miaka mingi,” nilisema. “Mchwa hawaigusi. Boriti zipo, fito zipo. Mabua ya uwele tunayo shambani. Udongo tunaukanyaga. Tuezeke tembe.”

Safari hii hakuna aliyecheka. Mnyiramba aliangalia juu, mahali paa letu lilipokuwa asubuhi.

“Wewe unajua kuezeka?”

“Kila mwaka kabla ya mvua baba alinipandisha juu ya paa kushindilia udongo mpya. Nikiangusha bonge ndani, nikishuka nilikuta fimbo inanisubiri.”

“Basi unajua,” alisema.

Tulikwenda ofisini asubuhi, watatu.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Risala imekwisha?”

“Bado, mwalimu,” alijibu dada wa Utemini. “Imepungukiwa mafanikio.”

Nikaeleza. Mwalimu mkuu aliweka kalamu chini.

“Tembe? Kwenye shule ya serikali? Mkuu wa wilaya ametoka juzi kijijini kuwaambia watu waache tembe, halafu mimi nimwalike aje aketi ndani ya tembe?”

“Mwalimu,” dada yule alisema polepole, “mabati ni ya kuomba. Udongo ni wa kwetu. Huko si ndiko kujitegemea tunakofundishwa?”

Mwalimu mkuu aliichukua tena kalamu yake. Nilidhani atatufukuza.

“Na nguzo katikati ya bwalo? Watu watamwonaje anayesoma risala?”

“Msikitini kwetu kuna nguzo, na hotuba tunaisikia,” alijibu dada wa Utemini.

“Kanisani kwetu pia, mwalimu,” alidakia Mnyiramba, “na padri tunamwona vizuri kuliko tunavyopenda.”

Mwalimu mkuu aligeuza uso dirishani. Najua alikuwa anacheka, kwa sababu mabega yalitikisika.

“Mpaka mabati yaje,” alisema. “Na darasani msikose.”

Nimefanya kazi na mafundi wa kila aina, wenye vyeti na wasio na vyeti, na mpaka leo sijaona kikosi kama lile darasa. Tulimwomba mwenyekiti wa kijiji jirani ruhusa, akaita wenye mahame, na mama mmoja akasema, “Chukueni, wanangu. Afadhali zishike kitu.” Tulibeba nguzo mabegani, wawili wawili, na boriti ndefu watu sita. Nilichagua nguzo zenye panda nzuri juu, pale boriti inapolala, nikazipanga safu mbili. Nilisimama juu ya ukuta nikitoa amri, na watu walionicheka wakati wa nyasi sasa walikuwa wananiita fundi.

Siku ya udongo kulitokea ubishi. Kidato cha pili walitusaidia, wakaleta udongo wa pwani ya ziwa, mweupe, laini, ulioganda juani kama saruji. Ulikuwa karibu na ulipendeza. Dada wa Utemini alisema tuutumie tupunguze safari. Mnyiramba akachukua kipande, akakitia mdomoni, akatema.

“Chumvi!” alisema. “Huu mvua ikiunyeshea unageuka uji. Mtakula ugali na paa lake.”

“Ninyi wa Iramba mnakula kila kitu,” nilimwambia.

“Na ninyi mngeezeka kwa chochote,” alinijibu, “kama si ulimi wangu.”

Kwa hiyo tulikwenda mbali zaidi, kwenye vichuguu vyekundu, tukavivunja kwa sururu. Tulitandaza fito, juu yake mabua, juu yake tope, juu yake udongo mkavu, kisha darasa zima likapanda kushindilia kwa miguu na kwa vipande vya miti, tukienda nyuma na mbele kama watu wanaocheza ngoma. Nililipa paa mteremko mdogo sana kuelekea nyuma, maji yasituame. Hilo sikulisoma popote, na chuoni waliponifundisha baadaye kwa hesabu, nilikuwa nimeshalijua kwa nyayo.

Mwalimu mkuu alikagua, akagonga nguzo kwa kiganja, akasema mahafali yatakuwepo. Lakini asubuhi ya mahafali tukakuta amesimamisha turubai kubwa uani, meza yenye kitambaa chini yake, viti vya mgeni rasmi na wazee. Bwalo letu aliliwekea masufuria ya pilau.

“Ni kwa heshima ya mgeni,” alisema bila kunitazama.

Nilikuwa namtafuta baba. Nilimwona amesimama nje ya mstari wa wazazi, na koti lake, na fimbo yake ya ng'ombe, amekataa kiti. Nilikwenda kumwamkia.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Lile nini?” Aliuliza kwa Kinyaturu, akielekeza fimbo kwenye bwalo.

“Bwalo la chakula.”

“Ni tembe.”

“Ndiyo, baba.”

“Kwa hiyo mmetoka kwenye tembe mkaja kusoma, mkajenga tembe, halafu mkakaa chini ya nguo?”

Mwalimu wa zamu alikuwa ananiita, nikaenda kushika risala, kwa maana darasa lilinichagua mimi kuisoma.

Mkuu wa wilaya alikuwa katikati ya hotuba yake, na nadhani alikuwa amefika kwenye sehemu ya maendeleo, upepo ulipokuja. Ulikuja kutoka nyuma ya shule na vumbi mbele yake. Turubai lilivimba, likavuta kamba moja, likavuta ya pili. Mwalimu mkuu alirukia nguzo yake akaning'inia. Kitambaa cha meza kilimfunika mgeni rasmi uso. Akina mama walishika kanga zao, wazee walishika kofia zao, na turubai likaenda njia ile ile ya nyasi zetu.

“Ndugu zangu,” mkuu wa wilaya alipiga kelele akifikicha macho, “ile nyumba pale haina nafasi?”

“Ipo!” tuliitikia darasa zima. “Ipo, ndugu mgeni rasmi!”

Watu waliingia wote. Masufuria ya pilau tuliyasogeza ukutani. Nje upepo ulikuwa unapiga kelele, na ndani palikuwa pametulia, baridi, hata punje ya vumbi haikuanguka. Nilisoma risala nimesimama kati ya nguzo mbili. Nilisoma habari za dawati la Mnyiramba, na watu walicheka. Nilisoma habari za mwalimu wetu wa kemia aliyekuwa mwanafunzi mwenzetu, na dada wa Utemini aliinamisha kichwa kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nilisoma habari za likizo ile, na mkuu wa wilaya aliacha kujipepea. Nilipofika kwenye mafanikio nilisema sentensi moja tu ambayo haikuandikwa: “Ndugu mgeni rasmi, fanikio letu umekaa chini yake.” Makofi yalipigwa mpaka nikasahau kugeuza ukurasa. Mkuu wa wilaya naye alipiga, na alipoinuka alisema kwamba hotuba yake juu ya nyumba bora atairekebisha. Mwalimu mkuu alisimama akatangaza kwamba wazo hili shule ililiunga mkono tangu mwanzo.

Nilimtafuta baba kati ya nyuso. Hakuwemo.

Kisha tukasikia hatua juu. Nzito, za polepole, zinakwenda kona hadi kona. Watu wakatazama dari. Nilitoka mbio na mwalimu mkuu nyuma yangu. Upepo ulikuwa umepungua. Baba alikuwa juu ya paa, ameegemeza ngazi yetu ukutani, anatembea akipiga udongo kwa kisigino.

“Mzee, shuka! Utaanguka!”

“Nikianguka,” baba alijibu kwa Kiswahili chake cha taratibu, “si litakuwa kosa la shule yako?”

Alimaliza kona zote. Kwenye ile ya upande wa ziwa aliruka, mtu mzima yule na koti lake, mara mbili, na paa halikutoa sauti yoyote. Kisha akashuka. Darasa letu lilikuwa limejaa mlangoni, na mkuu wa wilaya nyuma yao akichungulia.

“Aliyeezeka ni nani?”

“Darasa letu, baba. Msimamizi nilikuwa mimi.”

Alinyoosha mkono akachukua wa kwangu, akaugeuza, akatazama kiganja. Malengelenge yalikuwa yamepasuka na kuwa magumu. Akachukua na wa pili, akautazama vilevile, kama mtu anayekagua kwato za mnyama anayetaka kumnunua.

“Kona hii ya ziwani mlishindilia kwa haraka,” alisema.

“Tulikuwa tunakimbizana na siku.”

“Lakini imeshika.” Aliniachia mikono. “Mikono unayo bado. Kwangu upande wa jikoni kunavuja. Ukimaliza mitihani yako, njoo uniezekee. Mimi nitakaa chini nikutazame. Na uje na huyo mrefu, atafaa kupokea udongo bila ngazi.”

“Mnyaturu!” Mnyiramba alipiga kelele, na uwanja mzima ulimsikia. “Sisi tunasubiri mitihani, wewe umeshaajiriwa!”

Darasa lilinibeba juu. Nilibebwa kuzunguka bwalo, risala mkononi, kina mama wakipiga vigelegele, na waliponiteremsha mkuu wa wilaya akanikabidhi cheti changu pale pale nje, nimejaa vumbi. Nilimpelekea baba akione. Hakujua kusoma, lakini alikitazama pande zote mbili kwa makini. Kisha akakikunja, akakitia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

“Hiki nitakutunzia,” alisema. “Utakipata paa langu likikauka.”